Kibo kwenye mashamba ya miwa: intapolesheni ya pande mbili baada ya interp2d kuondolewa

Swali

Shikamoo kaka. Nipo Moshi, naandika tasnifu kuhusu mvua kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Msimbo wangu wa Python niliurithi kwa aliyenitangulia. Ulikuwa unatumia `interp2d` ya SciPy (maktaba ya hesabu ya Python) kukadiria urefu wa ardhi mahali kilipo kila kituo cha mvua, kutoka kwenye faili la SRTM (data za urefu wa ardhi zilizopimwa kwa rada kutoka angani). Nimebadilisha kompyuta, `interp2d` ikagoma. Nikahamia `RectBivariateSpline`. Kwanza ikalalamika kwamba y lazima iwe inapanda, nikaweka `np.sort`. Kisha ikalalamikia ukubwa wa z, nikaweka `.T` (inayogeuza mistari kuwa safu). Sasa inakubali bila neno, lakini nikiuliza urefu wa kilele cha Uhuru napata mita mia saba na ushee, na mlima unaonekana kusini mwa Moshi mjini! Nahisi `.T` ndiyo iliyoharibu, ila nikiitoa kosa linarudi. Tena nikichora mvua kwa `griddata`, pembeni ramani yote ni `nan` (yaani hakuna namba), kuna sehemu mvua inatoka hasi, na mara nyingine napata `QhullError`. Nianzie wapi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Anza kwa kuiacha `.T` hapo hapo ilipo, haina kosa. Aliyekuhamishia mlima ni `np.sort`, na hukumshuku kwa sababu baada ya kumweka lile lalamiko la kwanza lilinyamaza.

Kosa linalosimamisha programu huwa limeshakufanyia nusu ya kazi: linakutajia mstari na linakwambia kisicholingana. La kuogopa ni hili lako la baadaye, ambapo programu imekubali, ramani imetoka na rangi zake nzuri, na kila namba ni ya mahali pengine. Kwenye intapolesheni ya pande mbili, yaani kukadiria thamani katikati ya zile zilizopimwa, makosa ya namna hii ni mengi kuliko yale yanayopiga kelele, kwa sababu kompyuta haijui kwamba mstari wa kwanza wa arei yako (jedwali la namba) ni kaskazini. Wewe ndiye unayejua, na usipoisema inachukua ulivyoipangia.

Tuanze na `interp2d` yenyewe. Katika SciPy 1.10, mwaka 2023, ilitangazwa kwamba itaondolewa, na katika toleo 1.14 la mwaka 2024 ikaondolewa kweli. Jina bado lipo, lakini ukiliita unarushiwa `NotImplementedError`. Unaweza kushusha SciPy hadi toleo la chini ya 1.14 na msimbo wako ukafufuka. Fanya hivyo kwa siku moja tu, ili upate namba za zamani za kulinganishia, kisha uhame. Usiijenge tasnifu juu ya kitu kilichokwisha kufukiwa.

Sasa, kwa nini msimbo wa zamani ulikuwa sahihi na huu mpya umeharibika, na data ni zile zile? Kwa sababu `interp2d` ilikuwa inakufanyia kazi mbili kimyakimya. Ilipopewa data za gridi na kukuta x au y haipandi, ilizipanga upya, na ilipozipanga *iliipanga na z pamoja nazo*. Kisha ikaigeuza z yenyewe, mistari ikawa safu. Aliyekutangulia pengine hakujua hata moja kati ya haya, wala hakuhitaji kujua. `RectBivariateSpline` haikufanyii lolote: inataka x inayopanda, y inayopanda, na z yenye ukubwa wa (idadi ya x, idadi ya y). Ulipoweka `.T` ulifanya kwa mkono kazi ya pili, tena kwa usahihi. Ulipoweka `np.sort(lat)` ulifanya nusu ya kazi ya kwanza: ulipanga lebo ukaacha data zilivyokuwa.

Tuliangalie faili lenyewe. Kilimanjaro imo kwenye kigae (kipande cha ramani) cha S04E037, na jina hilo linataja kona ya kusini magharibi: nyuzi 4 kusini, nyuzi 37 mashariki. Kigae kinakwenda hadi nyuzi 3 kusini na nyuzi 38 mashariki. Kile cha sekunde moja ya tao kina mistari 3601 na safu 3601, na mstari wa kwanza ni wa *kaskazini*, yaani latitudo -3. Kwa hiyo latitudo zinashuka: -3.0, -3.00028, na kuendelea. Wewe umechukua nusu ya juu, mistari 1801, inayoishia -3.5. Msimbo wako kwa ufupi uko hivi:

```python
urefu = kigae[:1801, :]
lat = np.linspace(-3.0, -3.5, 1801)
lon = np.linspace(37.0, 38.0, 3601)

r = RectBivariateSpline(lon, np.sort(lat), urefu.T)
r.ev(37.3533, -3.0758)      # Uhuru
```

Baada ya `np.sort`, lebo ya kwanza ni -3.5, lakini data za kwanza bado ni za -3.0. Ukiuliza -3.0758 unapewa mstari wa upande wa pili wa katikati ya kipande chako, yaani -3.0 - 3.5 + 3.0758, ambayo ni -3.4242. Longitudo haikuguswa. Latitudo -3.4242 na longitudo 37.3533 ni tambarare ya kusini mwa Moshi, ukielekea mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Mita mia saba na ushee ni urefu wa kweli kabisa, ila wa huko. Na Kibo, kwa hesabu hiyo hiyo, imekwenda kusimama kwenye miwa.

Dawa ni kugeuza vyote viwili kwa pamoja:

```python
r = RectBivariateSpline(lon, lat[::-1], urefu[::-1, :].T, kx=1, ky=1)
```

Nimeongeza `kx=1, ky=1` kwa makusudi. `interp2d` usipoiambia kitu hutumia mstari ulionyooka, lakini `RectBivariateSpline` usipoiambia kitu hutumia splaini (mkunjo laini) ya daraja la tatu. Ukihama bila kuliona hilo, namba zako zitatofautiana na za zamani kwa mita chache hapa na pale, zaidi kwenye kingo kali kama za bonde la Barranco, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

Ila kwa kazi yako mimi nisingeitumia hata hii. Ningekwenda kwa `RegularGridInterpolator`, ambayo inakubali data katika mpangilio zilivyozaliwa, latitudo kwanza halafu longitudo, bila `.T` yoyote:

```python
import numpy as np
from scipy.interpolate import RegularGridInterpolator

n = 3601
kigae = np.fromfile("S04E037.hgt", dtype=">i2").reshape(n, n).astype(float)
kigae[kigae == -32768] = np.nan

lat = np.linspace(-3.0, -4.0, n)
lon = np.linspace(37.0, 38.0, n)

kadiria = RegularGridInterpolator((lat[::-1], lon), kigae[::-1, :],
                                  method="linear")
print(kadiria([[-3.0758, 37.3533]]))
```

Matoleo mapya yanakubali hata latitudo zinazoshuka, kwa hiyo ungeweza kuacha kugeuza kabisa. Mimi bado nageuza, ili msimbo ufanye kazi ile ile kwenye kompyuta yenye toleo la zamani. Jibu litakalotoka litakuwa karibu na 5,895, pengine pungufu kidogo, kwa kuwa kila seli ni eneo la mita 30 hivi kwa 30 na ncha ya kilele hulainishwa humo.

Usiniamini mimi wala Kibo, lakini. Kilele kimoja kikikaa mahali pake hakithibitishi ramani nzima, na siku nyingine utafanya kazi mahali pasipo na mlima wa kukuamulia. Kipimo ninachokitegemea ni hiki: badala ya urefu, ipe fanksheni yako *latitudo yenyewe* kama ndiyo data. Kisha uliza mahali popote. Jibu lazima liwe latitudo uliyouliza. Halafu rudia kwa longitudo.

```python
LAT_data = np.repeat(lat[:, None], lon.size, axis=1)   # kama faili lilivyo
LON_data = np.repeat(lon[None, :], lat.size, axis=0)
```

Zipitishe arei hizi mbili kwenye mistari ile ile ya msimbo inayopitishwa na urefu: ikatwe pale pale, igeuzwe pale pale, iwekewe `.T` pale pale. Ukiuliza -3.0758 ukajibiwa -3.4242, umepata ushahidi wa kugeuka kaskazini-kusini, tena na kipimo chake. Ukibadilisha longitudo peke yake na jibu la latitudo likabadilika nalo, shoka (upande wa latitudo na wa longitudo) zimebadilishana. Na kwa kuwa latitudo ni mteremko ulionyooka, intapolesheni ya mstari inatakiwa kuirudisha bila kupoteza kitu, isipokuwa zile desimali za mwisho kabisa. Ukiona tofauti kubwa kuliko hizo, kuna jambo.

Kuna mtego ndani ya kipimo hiki. Ukitengeneza `LAT_data` kutoka kwenye latitudo uliyokwisha kuipitisha `np.sort`, kitafaulu na kitakudanganya, maana lebo na data vyote vitakuwa vimepotoka kwa pamoja. Itengeneze kutoka kwenye jinsi faili linavyosema, mstari wa kwanza ukiwa kaskazini, na usiiguse tena.

Nikirudi kwenye kigae kizima: kina 3601 kwa 3601, mraba. Ungekitumia chote badala ya nusu, ungeweza kuweka `.T` au kuisahau, na hakuna fanksheni ambayo ingelalamika. Ulipokata nusu ndipo ukubwa ukaacha kulingana na kosa likajitokeza. Ndiyo maana ninapojaribu msimbo mpya huwa nautesa kwanza kwa kipande kisicho mraba, hata kama kazi yenyewe ni ya mraba.

Vipo vitu vingine kwenye faili hili vinavyoweza kukupata. Umeona `">i2"` hapo juu. Ule mshale una kazi. Faili la SRTM huhifadhi kila urefu kwa baiti mbili, kubwa ikitangulia. Kompyuta nyingi tunazotumia husoma ndogo kwanza. Ukiandika `"i2"` bila mshale, 5,895 inasomwa 1,815, namba ambayo ukiikuta kwenye mteremko wa Kilimanjaro huwezi kuishtukia. Mita 900 inasomwa -31,741, na hiyo angalau inapiga kelele. Kwa hiyo kabla ya intapolesheni yoyote chapisha thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ya arei. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Halafu ile -32768. Ni alama ya mahali ambapo rada ya chombo cha Endeavour, kwenye ile safari ya Februari 2000, haikupata kipimo. Matoleo ya zamani ya data hizi yana mashimo mengi, hasa milimani. Usipoyageuza kuwa `nan`, fanksheni itachukua namba hiyo kama urefu halali: katikati ya seli ya mita 2,104 na shimo utapata -15,332. Ukiyageuza, `RegularGridInterpolator` ya mstari itakupa `nan` kwenye vyumba vinavyogusa shimo tu, na hayo ni majibu ya haki. Splaini hazivumilii hivyo. Arei yenye `nan` moja ndani ya `RectBivariateSpline` ni ya kutupa, kwa sababu splaini inalainishwa kwa kutazama data zote kwa pamoja. Hii ni sababu nyingine ya kuikimbia kwenye data za ardhi.

Usitengeneze lebo kwa `np.arange(37, 38, 1/3600)`. Mara utapata 3600, mara 3601, kutegemea desimali zilivyoangukia, na hapo ndipo unapokutana na lile kosa linalosema kuna pointi kadhaa na thamani kadhaa kwenye dimensheni 1. Tumia `np.linspace`, ambayo unaiambia idadi unayotaka.

Mpangilio wa kuuliza nao una wenyewe. Ukijenga kwa (lat, lon), uliza kwa (lat, lon). Ukiuliza kwa (lon, lat) huku kwetu utapata `ValueError` kwamba umetoka nje ya mipaka, maana 37 haimo kati ya -4 na -3. Hiyo ni bahati ya jiografia tu. Anayefanya kazi Gaziantep, Uturuki, penye latitudo 37.07 na longitudo 37.38, atabadilisha shoka, programu itamjibu vizuri, naye hatajua. Na usikimbilie `bounds_error=False` kwa ajili ya kunyamazisha. Kosa la kutoka nje ya mipaka mara nyingi ndilo linalokwambia kwamba kituo kimoja kimeandikwa 3.25 badala ya -3.25. `RectBivariateSpline` ndiyo mbaya zaidi hapa: ukitoka nje ya mpaka haisemi kitu, inakupa thamani ya ukingoni na kuendelea na safari.

Jambo la mwisho kuhusu upande huu. Kama vituo vyako ni orodha ya jozi, kwenye `RectBivariateSpline` tumia `.ev(lon, lat)`. Ukiita `r(lon_vituo, lat_vituo)` bila kutaja `grid=False`, inachukulia kwamba unataka gridi nzima, kila longitudo na kila latitudo, na itadai ziwe zimepangwa kwa kupanda. Ukishawishika kuzipanga ili inyamaze, utakuwa umetenganisha kila longitudo na latitudo ya kituo chake. Pointi 10,000 kwa njia hiyo zinakuwa thamani milioni 100, yaani megabaiti 800 za kumbukumbu. Ukiona kompyuta imeganda kwa kazi ndogo, angalia hapo kwanza.

Na uliza vituo vyako koordineti zao zimetoka wapi. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati SRTM na GPS ya simu ni WGS 84. Tofauti ni kama mita 300 ardhini. Ukiwa Kahe hutaiona, lakini kwenye mteremko mkali mita 300 za mlalo zinaweza kuwa mita mia za kimo, na hakuna fanksheni ya intapolesheni itakayokusahihishia.

Sasa mvua. Huku hali ni tofauti kabisa, kwa sababu vituo havimo kwenye gridi, vimetawanyika. `griddata` inafunga pembetatu kati ya vituo, kisha inakadiria ndani ya kila pembetatu. Chukua kila kituo kuwa kigingi shambani na upitishe kamba kuvizunguka vyote kwa nje: ndani ya kamba kuna pembetatu, nje hakuna kitu. Hizo `nan` zako za pembeni ni nje ya kamba. Fanksheni haijakosea, inakwambia ukweli kwamba huko huna kipimo.

Wapo watakaokushauri uweke `fill_value=0`. Usithubutu. Sifuri kwenye mvua ni kipimo, maana yake haikunyesha, na wastani wa wilaya nzima utashuka kwa ukame wa kutunga. Wengine watakwambia ujaze kwa `method="nearest"`. Hiyo inafaa kwa ukanda mwembamba ukingoni, ukiieleza wazi kwenye tasnifu, lakini ujue haina mpaka: ukiiuliza mvua ya Nairobi itakupa ya kituo chako cha Rombo bila haya. Mimi ningekata ramani iishie kwenye kamba, na kama mpaka wa wilaya ni lazima ujae, ningetafuta vituo vya jirani nje ya wilaya, hata vya upande wa Kenya.

Mvua hasi zinatoka kwenye `method="cubic"`. Njia hiyo inalazimisha uso uwe laini, na palipo na kituo chenye mvua nyingi karibu na chenye mvua kidogo, ulaini huo unazama chini ya sifuri kabla ya kuinuka tena. Kuzikata kwa `np.clip` kunaficha chini na kuacha kosa la juu, kwa sababu ule ule ulaini unaozama huku unavimba kule na kukupa mvua ambayo hakuna kituo kilichoipima. Tumia `linear`. Haivuki thamani za vituo vitatu vya pembetatu, si juu wala chini. Ramani itakuwa na mikunjo inayoonekana, na ni sawa ionekane.

`QhullError` inatoka kwenye kile kifunga pembetatu. Ukisoma ujumbe ukaona QH6154 na neno kuhusu umbo bapa, vituo ulivyoipa vimekaa kwenye mstari mmoja, na pembetatu haifungiki kwenye mstari. Inaweza kuwa ni kweli, kwamba umechuja data ukabaki na vituo vichache vya barabarani. Mara nyingi zaidi ni koordineti. Kosa ninaloliona tena na tena kwa wanafunzi ni `df[["lon", "lon"]]`, safu moja mara mbili. Lingine ni koordineti zilizokatwa desimali kwenye Excel hadi vituo vinne vikawa na 37.3 ile ile. Kama tatizo ni `nan` kwenye koordineti, utaambiwa kwa maneno mengine, kwamba pointi haziruhusiwi kuwa na `nan`. Ikiwa `nan` iko kwenye mvua yenyewe hutaambiwa kitu: kila pembetatu inayogusa kituo hicho itakuwa shimo katikati ya ramani. Ziondoe kabla.

Angalia pia vituo vinavyorudiwa. Kituo kilichohamishwa jina lakini si mahali kitatokea mara mbili na mvua mbili tofauti, na `griddata` itachukua kimoja bila kukwambia kipi. Ukihamia `RBFInterpolator`, njia nyingine ya SciPy ya data zilizotawanyika, kosa hilo hilo litapiga kelele kwa kudai kwamba matriksi ni singula, yaani hesabu haina jibu moja. Chukua wastani kwanza:

```python
df = df.dropna(subset=["lon", "lat", "mvua"])
df = df.groupby(["lon", "lat"], as_index=False)["mvua"].mean()
```

Kuhusu kutumia digrii badala ya mita kwenye pembetatu: karibu na Ikweta tumepewa nafuu. Kwa nyuzi 3 kusini, digrii moja ya longitudo inakaribiana sana na ya latitudo, zote zikiwa kama kilomita 111, kwa hiyo pembetatu hazipindi. Kwa nyuzi 60 kaskazini ingekuwa nusu yake. Ukitaka usafi, badilisha kwenda UTM (koordineti za mita) kanda ya 37 kusini, EPSG:32737. Suala hili linakuwa zito pale shoka mbili zinapokuwa za vipimo tofauti, mfano joto la Ziwa Tanganyika kwa umbali wa mamia ya kilomita upande mmoja na kina cha mita upande mwingine. Hapo `rescale=True`, inayosawazisha vipimo vya shoka zote, ni ya lazima, la sivyo pembetatu zinakuwa nyembamba kama sindano na majibu yanatoka kwa vituo vya mbali.

Baada ya yote hayo, nina neno moja ambalo si la programu. Hata ukisafisha kila kosa, `griddata` kwenye Kilimanjaro itakupa ramani safi na isiyo sahihi. Pembetatu inayounganisha Moshi, Rombo na Siha inapita juu ya mlima kana kwamba haupo. Mvua huko inategemea upande na kimo: mteremko wa kusini hupata nyingi kuliko wa kaskazini, na ukanda wa msitu hupata nyingi kuliko tambarare na kuliko kileleni. Ndiyo maana urefu ulioutafuta katika sehemu ya kwanza una thamani kubwa kuliko kuujaza tu kwenye jedwali. Fanya rigresheni ya mvua dhidi ya urefu, yaani tafuta fomula inayokadiria mvua kutokana na urefu, ukiweka na urefu wa kipeo cha pili, kwa kuwa mvua inapanda kisha inashuka. Halafu fanya intapolesheni ya *mabaki*, yaani tofauti kati ya mvua iliyopimwa na ile ya rigresheni, na ujumlishe. Ila vituo vikiwa kumi na kitu usiongeze vigezo vingi, utakuwa unachora kelele.

Kujua kama imesaidia, ficha kituo kimoja kimoja na ukikadirie kwa waliobaki:

```python
tofauti = []
for i in range(len(mvua)):
    baki = np.arange(len(mvua)) != i
    k = griddata(xy[baki], mvua[baki], xy[i:i+1], method="linear")[0]
    tofauti.append(k - mvua[i])
print(np.nanmean(np.abs(tofauti)), np.isnan(tofauti).sum())
```

Fanya hivyo kwa `griddata` peke yake, kisha kwa rigresheni na mabaki, ukirudia rigresheni yenyewe kila unapoficha kituo. Vituo vya ukingoni vitatoa `nan`, kwa sababu kila kimoja kikifichwa kamba inasogea ndani. Linganisha njia mbili kwa vituo vile vile vilivyopata namba, na uandike ni vingapi.